KRCHN (muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa, Kenya): saa za mazoezi ya afya ya jamii hazikuhesabiwa kuwa za watoto

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Ndugu wanajumuiya, salaam. Ofisi inayotathmini vyeti vyangu imerudisha faili ikidai kwamba haioni mazoezi ya kutosha katika uuguzi wa watoto, na bila ripoti yao bodi ya uuguzi ya jimbo hapa Marekani hainiruhusu kufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya muuguzi aliyesajiliwa. Mnajua tulivyofunzwa Kenya: watoto niliowapima uzito, niliowachanja na niliowafuatilia hadi kwao kwa sababu ya utapiamlo waliandikwa chini ya afya ya jamii, na ndivyo transkripti, yaani orodha ya masomo na saa zangu, inavyoonyesha. Je, chuo kinaweza kuandika transkripti nyingine inayozigawa saa hizo, na NCK, baraza la wauguzi la Kenya, itakubali kuithibitisha?

Kutoka: Kaka wa Dallas

Pole sana, dada. Faili yangu ilikwama kwa sababu ya jina la cheti. Aliyeipitia aliona maneno "afya ya jamii" akadhani kazi yangu ilikuwa kutembelea nyumba za watu tu, ilhali KRCHN inajumuisha uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Nilituma silabasi nzima pamoja na barua ya mkuu wa chuo, wakaridhika, ila kufikia hapo matokeo yangu ya Kiingereza yalikuwa yamepitwa na muda. Usikate tamaa, nasikia hata wenye KECHN, cheti cha chini ya KRCHN, wameruhusiwa.

Kutoka: Mkazi wa Sacramento

Kaka, tusiwapotoshe wanaosoma. KECHN ni daraja la pili la uuguzi na haimfikishi mtu kwenye NCLEX-RN hata akiambatanisha barua za wakuu wote wa vyuo. Wala tatizo si jina. Kanuni za huku kwetu California zinataka nadharia na mazoezi viende sambamba katika magonjwa ya ndani na upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili na uuguzi wa wazee. Sisi tulimaliza bloku ya nadharia darasani kwanza, na wodi ya watoto wengine waliiona muhula mwingine kabisa, kwa hiyo kugawa saa upya hakutasaidia ikiwa tarehe hazilingani.

Kutoka: Kaka wa Dallas

Dada yuko Minnesota, si California. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake.

Kutoka: Mama wa Tacoma

Wanangu, msigombane. Kinachoniudhi ni kuona mtoto aliyelazwa kwa surua akihesabiwa kuwa mazoezi, na yule tuliyemchanja asilazwe akiachwa nje, ingawa kumkinga ndiyo kazi ya kwanza tuliyofundishwa. Tulipofanya tathmini ya afya ya jamii tulianza kwa chifu, tukapita boma kwa boma tukihesabu vyoo, tukiuliza maji yanatoka wapi, tukiwapima watoto mkono kwa utepe kujua kama wana utapiamlo, kisha tukarudisha matokeo barazani, ambako wazee walitusahihisha bila huruma. Hapa nina miaka mingi wodini na sijawahi kuulizwa mgonjwa wangu anachota maji wapi. Huko nyumbani nako, tangu afya ikabidhiwe kaunti mwaka 2013, wauguzi wamegoma mara kadhaa, na mgomo wa 2017 ulichukua takriban miezi mitano. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wanafanya kazi nzuri, lakini nani atawasimamia ikiwa sisi tuliosomea kazi hiyo tuko huku tukisubiri barua?

Kutoka: Muuguzi wa Leeds

Mama, umenena. Hapa Uingereza NMC, baraza la wauguzi na wakunga, haikutaka kunihesabia saa, ilitaka nifanye CBT, mtihani wa kompyuta, na OSCE, mtihani wa vitendo, nikapita. Hata hivyo, anayetaka kuzitembelea familia zenye watoto wachanga kama tulivyokuwa tukifanya lazima asome SCPHN, kozi ya ubingwa wa uuguzi wa afya ya jamii, kwa kawaida mwaka mzima, ndipo aingizwe katika sehemu ya tatu ya rejista. Nimeomba nafasi, na mwajiri wangu ameniuliza kama nina uzoefu wowote wa kazi ya jamii.