Kijiji kizima kilifungaje mdomo? (Le Chambon, Ufaransa)

Mwalimu_Kidato4:
Wakuu, naombeni msaada. Nilikuwa nafundisha Vita Kuu ya Pili, nikagusia Le Chambon-sur-Lignon, kijiji kilichoficha Wayahudi wakati wa Wanazi. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtaani kwetu ukichinja kuku tu jirani anajua. Hao waliwezaje?" Nikakosa jibu.

BibiMsomaji:
Mwalimu, kisa hiki kila nikikirudia machozi yananilengalenga. Mwambie binti kwamba majirani walijua! Wakulima wa milima ile ni Waprotestanti, na mababu zao waliwindwa na wafalme wa Ufaransa kwa ajili ya imani. Habari za kumficha mtu walikuwa nazo.

Majira ya baridi ya 1940 kuelekea 1941, Magda Trocmé, mke wa mchungaji, alisikia hodi. Mlangoni yupo mwanamke Myahudi aliyekimbia Ujerumani, theluji imemjaa. "Karibu ndani." Viatu vimelowa chapachapa, Magda akaviweka jikoni vikauke, vikaungua! Wakati wa vita, viatu kwa mgao. Ikabidi azunguke kumtafutia vingine. Akaenda pia kwa meya akitumaini msaada, akaambiwa mgeni aondoke. Waliofuata hawakupelekwa kwa meya.

Mzinga_wa_Asali:
Naongezea. Oscar Rosowsky, kijana wa Kiyahudi, alikuwa akighushi vitambulisho vya wakimbizi, na karatasi zake zikifichwa ndani ya mizinga ya nyuki shambani. Askari gani atatia mkono mle? Agosti 1942 polisi walikuja na mabasi, wakapekua wiki kadhaa, mabasi yakarudi karibu matupu.

Mwalimu_Kidato4:
Kumbe! Na hakuna aliyeumia?

BibiMsomaji:
Waliumia, mwanangu. Daniel Trocmé, binamu wa yule mchungaji mume wa Magda, alikuwa mwalimu kama wewe, akisimamia bweni la vijana. Tarehe 29 Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, waliwakamata wanafunzi wake 18. Yeye alikuwa nyumba nyingine, angeweza kutokomea msituni. Akawafuata. Alifia kambi ya Majdanek, Aprili 1944. Mwaka 1990 Yad Vashem, taasisi ya Jerusalem ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilikitunuku kijiji chote pamoja na vya jirani, lakini hilo jina la Daniel naomba uliandike ubaoni kwa herufi kubwa.

Mwalimu_Kidato4:
Nitaliandika, bibi. Kesho kipindi cha kwanza ni darasa lile lile. Naanza na viatu.