Mjadala: Je, Dee House ibomolewe ili uwanja wa Warumi wa Chester uonekane wote?

Mji wa Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ulianza katika miaka ya 70 baada ya Kristo kama ngome ya jeshi la Kirumi iliyoitwa Deva, ambayo baadaye ikawa makao ya Lejioni ya 20, kikosi kikubwa cha jeshi hilo. Nje kidogo ya ukuta wa ngome hiyo, upande wa kusini-mashariki, palijengwa uwanja mkubwa wa maonyesho wenye umbo la duaradufu. Uwanja huo uligunduliwa mwaka 1929, sehemu yake ya kaskazini ikachimbuliwa katika miaka ya 1960, na tangu 1972 wananchi huingia kuutazama. Sehemu kubwa ya kusini bado imo ardhini, na juu yake imesimama Dee House, nyumba ya karne ya 18 ambayo nayo inalindwa na sheria, ingawa imekaa tupu tangu miaka ya 1990.

Anayesimama uwanjani leo akielekea kusini hukutana na ukuta uliochorwa picha ya kile kisichoonekana, ili jicho limalizie duara lenyewe. Wanaotaka nyumba ibomolewe huuona ukuta huo kuwa fedheha: vipi mji uridhike na rangi ilhali mawe yenyewe yako hatua chache nyuma yake? Hoja hiyo ina uzito, na nakiri kwamba sijasikia mtu aliyefunga safari kwenda Chester kwa ajili ya Dee House.

Hata hivyo siwaungi mkono. Waliochimba katika miaka ya 1960 walihitimisha kwamba uwanja wa kwanza ulikuwa wa mbao, kisha ukajengwa wa mawe. Wanaakiolojia waliporudi mwaka 2004 hadi 2006, wakikwangua udongo tabaka kwa tabaka, walibaini kwamba viwanja vilikuwa viwili kweli, lakini hata kile cha kwanza kilikuwa na ukuta wa mawe. Lau eneo lote lingalichimbuliwa mara ya kwanza, pasingebaki udongo wa kusahihishia kosa hilo, kwa kuwa tabaka likishaondolewa halirudishiki. Kilichofukiwa chini ya Dee House, kwa maoni yangu, ndicho kilichohifadhiwa vizuri zaidi.

Hapa nisieleweke vibaya: siwatetei wanaoiacha nyumba hiyo ioze. Chester hiyohiyo iliruhusu mabafu ya ngome yavunjwe miaka ya 1960 kupisha maduka, na baadhi ya vinguzo vilivyobeba sakafu ya mabafu hayo vimepangwa leo bustanini kama mapambo. Nyumba ikarabatiwe, ipewe watu wa kuitumia, na misingi yake isiongezwe kina hata kidogo.

Kwa wanaoshikilia kwamba ibomolewe, naomba wajibu jambo moja: mawe hayo yakishafunuliwa, nani atayakinga na mvua na baridi ya huko mwaka baada ya mwaka, na kwa fedha zipi?