Simu za ofisi zinakatakata mchana, nilipie intaneti kubwa au nipange vipaumbele? Naombeni ushauri

Mzigo_Dar: Wakuu habari za muda huu. Niko kampuni ya kutoa mizigo bandarini, tupo watu 40 hivi, tuna faiba ya Mbps 30 na ruta ya MikroTik, simu zetu za mezani zinapita kwenye intaneti. Asubuhi zinaenda freshi, ila ikifika saa nane mchana sauti inakuwa ya roboti, mteja yuko Dubai anauliza kontena lake limefikia wapi unasikia nusu neno. Muda huo huo uhasibu wanapandisha bakapu (nakala za akiba) na kamera zinatuma video klaudi. Nimempa kila mtu kikomo cha Mbps 2 lakini wapi, na watu wa forodha wanalalamika dokumenti haziendi. Bosi anasema tuhamie Mbps 100. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_ilala: Hamia 100 mkuu umalize kazi, unajitesa bure.

FundiRuta: Asilipie kwanza. Simu moja ya G.711 (mfumo wa kugeuza sauti kuwa data) inakula kama Kbps 87 kila upande, kwa hiyo hata wakiongea watu kumi kwa pamoja haifiki Mbps 1. Shida hapo ni foleni. Bakapu ikijaza aplodi (data inayotoka kwako kwenda nje), paketi ya sauti, yaani kipande kidogo cha data yake, inasubiri nyuma yake, sawa na mtu anayetaka andazi moja kasimama nyuma ya mwenye oda ya harusi, na sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja mnaanza kukatishana. Ukitaka uhakika washa ping -t (amri ya kompyuta ya kupima jibu linachukua milisekunde ngapi kurudi) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, halafu waambie uhasibu waanzishe bakapu, utaona namba zinavyoruka. Hata hiyo 100 bakapu inaweza kuijaza.

Na hicho kikomo chako piga hesabu, 40 mara 2 ni 80 na wewe una 30, bado wataijaza tu, halafu ofisi ikiwa tupu aliyebaki anabanwa bila sababu.

Kaa na bosi na wakuu wa idara muandike sera kabla hujagusa ruta: simu kwanza, forodha na imeili zifuate, kuperuzi baadae, bakapu na kamera na apdeti za Windows mwisho. Wasaini kabisa, maana ukipanga peke yako kila mtu atakuja mezani kwako kudai yeye ndio muhimu. Baada ya hapo weka Queue Tree (sehemu ya MikroTik ya kupanga foleni), kikomo kikuu Mbps 27 ili foleni ikae kwako isikae kwa mtoa huduma, kila daraja la hiyo sera lipe kiwango cha uhakika na ruhusa ya kukopa kilichobaki. Kipaumbele 1 ndio cha juu, 8 cha chini. Na uzime FastTrack (njia ya mkato ya ruta ya kupitisha data haraka), ukiiacha trafiki nyingi inaruka huo mpangilio wa foleni.

Dada_Netiweki: Naongezea kwa FundiRuta. Simu nyingi za mezani zinajiwekea zenyewe alama ya DSCP 46 (lebo kwenye paketi inayosema hii ni sauti, ipite kwanza), ila usiiamini alama hiyo ikitoka kompyuta yoyote, mjanja mmoja ataiweka kwenye torenti zake (mafaili makubwa anayoshusha). Simu zitengee VLAN yake (mtandao wake uliotengwa ndani ya ofisi), uamini alama ya huko tu. Pia ujue ukishatoka nje kwenye intaneti alama mara nyingi haiheshimiwi, kazi yake kubwa iko ndani kwako. Bakapu si waipeleke usiku jamani?

Mzigo_Dar: Asanteni sana wakuu. Ping ilikuwa milisekunde 12, bakapu ilipoanza ikaruka hadi 600! Nimeweka Mbps 27 kwenye aplodi, ping haivuki milisekunde 30 sasa na simu zimetulia. Bosi nimemuonyesha hizo namba, kikao cha sera kesho. Swali, dawnlodi nayo naibana vipi wakati inatoka kwa mtoa huduma?

FundiRuta: Ibane pale inapotoka ruta kuingia LAN (mtandao wa ndani wa ofisi), weka Mbps 27 hapo pia. Sio kamili kama aplodi kwa sababu paketi zimeshafika, ila TCP (utaratibu unaosimamia usafirishaji wa data nyingi za intaneti) ikiona zinacheleweshwa au zinadondoshwa inapunguza yenyewe kasi kule inakotoka. Kesho kwenye kikao wabane uhasibu wakutajie saa ya bakapu.