Tupeane uzoefu: mliwapiganiaje wenye ulemavu huko kwenu, na kipi kilisaidia?

Magongo Mawili (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Natembelea magongo tangu nina miaka minne, polio. Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kwetu alinifuata akaniuliza, "Kaka, hizi asilimia mbili za walemavu zinapatikanaje? Au ni za kwenye hotuba tu?" Nikamsimulia yetu. Nawasimulia na nyie, halafu kila mtu amwage ya kwake. Mikataba ya kimataifa tuiache kwanza, ipo na inajulikana. Semeni mlimfuata nani, mkarudishwa mara ngapi.

Kwa msiojua, kila halmashauri Tanzania inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Zamani yalikuwa maelekezo tu, mkurugenzi akijisikia anatoa. Tangu 2018 ni sheria, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa.

Sisi tulianza vibaya. Tulikwenda kumi na wanne, kuomba. Ofisi ya maendeleo ya jamii (halmashauri siitaji) iko ghorofani, lifti hakuna. Nilipanda na magongo yangu ngazi 22, nilizihesabu. Mama mmoja wa kikundi chetu anatambaa. Alivua kandambili akazivaa mikononi akapanda hivyo hivyo, watumishi wanapishana naye na mafaili. Kufika juu, tukaambiwa fungu halijaingia, tupite mwezi ujao. Mwezi ujao, yale yale.

Mara ya tatu yule mama akagoma. Akakaa ngazi ya kwanza kabisa, katikati, akasema, "Leo mwambieni ashuke yeye." Tukakaa naye. Bango hatukuwa nalo, wala hatukuimba, ila kila anayepanda ilibidi aombe njia. Kama saa moja hivi, afisa akashuka, tukaongelea chini ya mwarobaini. Mpaka leo vikao vyetu na ofisi ile vinafanyika chini ya mwarobaini. Hela, bado.

Hela ilikuja kwa ushauri wa karani mmoja mstaafu, mzee wetu wa msikitini. Alituambia, "Ukiuliza hela utajibiwa haipo. Ulizeni makusanyo." Akatupeleka kwenye ubao wa matangazo, kwenye ile karatasi ya mapato na matumizi ambayo haisomwi na mtu, imefunikwa na tangazo la mnada. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Ukiondoa vyanzo lindwa (mapato ambayo tayari yamepangiwa kazi yake) ikabaki tuseme bilioni moja na nusu, asilimia mbili ni milioni 30. Tukaandika barua ya ukurasa mmoja: mmekusanya kiasi hiki, fungu letu ni kiasi hiki, je, mmetoa ngapi? Nakala kwa diwani. Diwani akaliuliza swali lile lile kwenye baraza la madiwani, na robo iliyofuata tukapata milioni 5 za vyerehani na vitambaa.

Kikundi cha pili hakikubahatika. Walikamilisha katiba, akaunti, andiko, kila kitu, halafu Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote ya asilimia 10 ili ipange utaratibu upya. Imerudi 2024. Katikati hapo wenzetu wawili walikuwa wameshakopa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, wakitegemea kuilipa na hela ya halmashauri. Mmoja aliuza mpaka kiti mwendo.

Mama Pacha, Kilifi

Hamjambo nyote. Huyo mama wa ngazini nampa mkono wangu.

Mie pacha wangu mmoja ana mtindio wa ubongo. Huku Kenya kuna pesa za serikali za Inua Jamii kwa mwenye ulemavu mkali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini vita vyangu mie vilikuwa vya karatasi. Ili mtoto atambulike, yataka tathmini ya madaktari, nao kwetu walikuwa wakikaa siku moja tu kwa wiki, hospitali ya mbali. Nambeba mtoto wa miaka tisa mgongoni hadi barabarani, bodaboda, kisha matatu. Nafika naambiwa daktari mmoja hakuja, kwa hivyo kamati haikutimia, rudi wiki ijayo. Nilikwenda mara nne. Ya nne nikapiga hesabu nikiwa pale kwenye benchi: nauli yangu imefika 2,400. Yaani nimekula pesa ya mwezi na zaidi, nikiitafuta pesa ya mwezi.

Kwenye benchi lile tulikuwa kina mama saba. Tukapeana nambari. Tukazunguka nyumba kwa nyumba, tukaandika kila mtu mwenye ulemavu katika lokesheni yetu, hata wale waliofichwa vyumba vya nyuma (wako, na hao ndio waliotuchukua muda, kwa sababu wenyewe wasema "hapa hakuna mtu"). Tukampelekea chifu yale majina, tukamwambia hatutaki pesa, twataka madaktari waje kwetu. Walikuja siku mbili, wakakaa madarasani shule ya msingi. Watu zaidi ya sitini walipimwa.

Funzo moja kwa walio kaunti: mikutano ya wananchi ya bajeti, ukienda mwezi wa Mei utasikizwa vizuri sana na soda utapewa, na makadirio yashapelekwa bunge la kaunti Aprili. Mipango ya fedha hupelekwa kabla ya 28 Februari. Memoranda yenu, yaani maoni yenu ya maandishi, iwe imefika kabla ya hapo. Sisi mwaka wa kwanza tulikunywa soda.

Kofia Pana

Mleta mada, hongera, ila nina neno. Kwa nini kila kitu chetu kiwe mkopo? Mimi nina ualbino. Cherehani naweza kununua mwenyewe Mungu akijalia, lakini mafuta ya jua yakikosekana miezi sita, mdomo unaanza vidonda, na ukichelewa vidonda ni saratani. Na hayo mafuta si kitu cha kutoka mwezini, Kilisun inatengenezwa hapo hapo hospitali ya KCMC, Moshi.

Mimi niligombea ujumbe wa kamati ya zahanati yetu. Watu walicheka, nafasi yenyewe haina posho ya maana. Lakini kamati ndiyo inayokaa na mganga mfawidhi kupitia maoteo ya dawa, yaani makadirio ya dawa za kuagiza. Kikao cha kwanza nilikaa kimya. Cha pili niliuliza mafuta ya jua yapo kwenye maoteo? Hayapo. Kwa nini? Hakuna aliyeomba. Nikavua kofia, nikawaonyesha masikio yangu. Kila robo sasa yanaandikwa. Kufika ni jambo jingine, yanafika robo moja, inayofuata yanaruka. Bado napigana.

Magongo Mawili

Kofia Pana, hapo kwenye mkopo umenishika pabaya, maana mtambaaji wetu naye marejesho yanamtoa jasho. Sina jibu.

Mikono Yasema, Dodoma

Mimi ni kiziwi. Yangu ni fupi. Kliniki wanaita majina dirishani. Nilikaa na ujauzito wa miezi saba kuanzia asubuhi mpaka saa nane, kumbe nimeitwa mara tatu. Tulikwenda viziwi watano na mkalimani wa lugha ya alama tuliyemlipa kwa kuchangishana. Tuliomba mkalimani wa kudumu, tukaambiwa ikama (idadi ya watumishi waliyopangiwa) hairuhusu. Tukaomba namba. Muuguzi mmoja alichukua boksi la dripu, akakata vipande, akaandika namba kwa maka peni, na anapoita ananyanyua kipande juu. Sasa wanaitumia wote, hata wanaosikia. Mkalimani bado tunamdai.

Chaka la Simba

Wakuu, nipo kijijini, baba yangu haoni. Hatuna kikundi wala diwani wa kumtegemea, na hiyo ghorofa sisi hatuna. Tunaanzia wapi?

Magongo Mawili

Anzia mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele za watu. Usipoitwa, hilo ndilo swali lako la kwanza. La pili, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kuwe na kamati ya watu wenye ulemavu hapo kijijini. Muulize mtendaji wajumbe ni akina nani. Kwetu tulipouliza tulitajiwa watu sita, mmoja alikuwa marehemu.

Na mpeleke mzee mwenyewe, usiende kumsemea. Barua andika nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe.

Chaka la Simba

Mzee kasema yeye ana swali moja tu, la kisima. Kamba ya kumwongoza ilikatwa mwaka juzi walipopitisha barabara. Nimwache aulize hilo kwanza?

Mama Pacha, Kilifi

Mwache aulize hilo.