Tokeni za kichanganuzi: ibebe kila kitu, au aina na mahali tu?

maalim_wa_chake
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina lugha ndogo ninayoitengenezea wanafunzi wangu wa jioni hapa Chake, maneno yake yote ya Kiswahili: weka, kama, basi, andika, mwisho. Leksa (inayokata maandishi ya programu vipande vipande, kila kipande ni tokeni) na kichanganuzi (kinachozipanga tokeni hizo kuwa amri) naviandika kwa lugha ya Rust. Nimekwama kwenye jambo nililoliona dogo mwanzoni: tokeni yenyewe niihifadhi vipi?

Sasa hivi natumia enamu (aina yenye machaguo kadhaa, kila moja na data yake) inayobeba kila kitu. Jina lina String (maandishi) yake ndani, Namba ina thamani iliyokwisha kugeuzwa, alama kama + hazibebi kitu, na pembeni naweka mstari na safu. Nimesoma kuna wanaobakisha aina ya tokeni, inapoanzia na urefu wake basi. Anayetaka maandishi ayafuate mwenyewe kwenye faili. Na mwanafunzi wangu mmoja kaja na yake: kila tokeni ni stringi basi, yaani maandishi yasiyo na aina, kichanganuzi kinauliza `t == "kama"`. Hii nimeikataa, ila sikuweza kumweleza kwa nini.

BintiMlandege
Waaleikum salaam. Huyo kijana mwambie aandike `andika "kama"` halafu aone kichekesho. Leksa ikishavua alama za nukuu, stringi yake na `kama` ambayo ni neno msingi la lugha ni kitu kimoja, hazitofautiki tena. Halafu siku atakapokosea akaandika "kmaa" ndani ya kichanganuzi, kompaila, inayokagua msimbo na kuugeuza kuwa programu, itamwachia apite.

Mie nipo na hiyo enamu yako, usiiguse. Ukiongeza aina mpya ya tokeni, Rust haikupi raha mpaka kila `match` (panapochaguliwa la kufanya kwa kila aina) uishughulikie (ilimradi hukuweka ile `_` ya uvivu, inayopokea zote zilizobaki). Kwa lugha inayokua kila wiki, hilo tu linatosha.

baiti_kwa_baiti
Tuhesabu kidogo. Kwenye mashine ya biti 64, String ya Rust peke yake ni baiti 24: pointa (anwani ya herufi zilipo), urefu, na ukubwa wa nafasi iliyotengwa. Ongeza mstari na safu, kila moja u32 (namba ya baiti 4), una 32 kwa kila tokeni, hata ile ya mabano matupu. Na herufi zenyewe hazimo humo. Kila jina limeombewa nafasi yake kwingine kwenye kumbukumbu.

Aina na mahali: baiti 1 ya aina, 4 za mwanzo, 4 za urefu. Ni 9, kompaila itazipanga ziwe 12. Mstari huna haja ya kuubeba. Weka orodha moja ya mahali kila mstari unapoanzia, na kosa likitokea ndipo utafute humo kwa kugawa nusu kwa nusu. Wenye lugha ya Zig wamekwenda mbali zaidi, wanahifadhi aina na mwanzo tu, kila kimoja katika orodha yake, inakuwa baiti 5 kwa tokeni. Urefu wakiuhitaji, leksa inarudi pale pale kusoma upya. Leksa ya kompaila ya Rust yenyewe inatoa aina na urefu; mwanzo unaupata kwa kujumlisha.

BintiMlandege
Yakhe, programu za watoto hazizidi mistari 40. Hizo baiti unazoziokoa utamgaia nani?

baiti_kwa_baiti
Haya, baiti tuziache. Ila akitaka kuepuka kunakili maandishi na akaweka kiungo tu cha kuyaelekea, `&str` ndani ya enamu, atashinda anabishana na kompaila nani anaishi zaidi ya nani. Namba mbili za mahali hazina ugomvi na mtu.

maalim_wa_chake
Nilihamia njia ya pili, ya aina na mahali, juzi usiku, umeme ulikuwepo. Jana kijana mmoja kaniletea hii, kaiandika kwenye simu:

```
weka ng'ombe = 3
kama ng’ombe > 2 basi
    andika "uza mmoja"
mwisho
```

Ritifaa, ile alama iliyomo kwenye ng', nilikwisha iruhusu ndani ya jina, ya wima na ya kupinda, kwani stringi zangu hufungwa kwa alama ya nukuu mbili (") tu. Leksa ikapita salama. Kisha lugha ikasema: jina ng’ombe halijulikani. Mtoto ananitazama, mie namtazama.

mwana_wa_wete
Shkamoo Maalim. Tazama vizuri mstari wa kwanza na wa pili. Wa kwanza kaunakili kutoka maandishi yako, wa pili kaupiga mwenyewe na simu ikaipinda ritifaa. Ya wima ni baiti 1 katika UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti), ya kupinda ni baiti 3. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ana baiti 7 na mwenzake 9, nawe unalinganisha vipande vya faili. Lazima wawe wawili.

Enamu yako ya mwanzo ingekuficha tatizo hili kama ungeisawazisha String wakati wa kuiunda. Kipande cha faili hakisawazishwi, ndivyo kilivyo. Hata stringi yenye `\n` (alama ya mstari mpya) ndani, kipande chake kwenye faili si thamani yake.

Mie ningefanya hivi: leksa ikimaliza kusoma jina, igeuze kila ritifaa kuwa ya wima, iliangalie jina kwenye jedwali moja la majina, ipate namba yake. Tokeni ibebe namba hiyo. Mwanzo na urefu vibaki, ili ujumbe wa kosa umwoneshe mtoto alivyoandika yeye.

BintiMlandege
Kwa hiyo Maalim unarudi kwangu nusu njia 😄

Na maneno msingi yatangulize kwenye jedwali hilo hilo kabla hujasoma faili. Ukiwa nayo 5, namba yoyote chini ya 5 ni neno msingi, umemaliza. Huna haja ya kulinganisha stringi popote.

baiti_kwa_baiti
Hilo la ritifaa sikulifikiria, nakiri. Nilizoea faili za watu wanaoandika kwa Kiingereza. Wenye lugha za Haskell na OCaml wanaruhusu ritifaa kwenye jina toka zamani, lakini ya wima tu, hii ya simu hawaitambui.

maalim_wa_chake
Ahsanteni. Nimeishia hapa:

```
struct Tokeni {
    aina: Aina,
    mwanzo: u32,
    urefu: u32,
    jina: u32,
}
```

Baiti 16. Ng'ombe wamekuwa mmoja. Lililobaki lilikuwa mshale unaoonesha kosa lilipo: mtoto akisahau kitu baada ya ng’ombe wa simu, mshale ulikuwa unaruka nafasi mbili kulia, kwa sababu nilihesabu safu kwa baiti. Sasa wakati wa kuchapa kosa tu nahesabu herufi kuanzia mwanzo wa mstari, kwingine kote nimeziacha baiti.

Kijana kaniletea nyingine leo. Safari hii kigeu ni ng’onda, na ndani ya stringi kaweka ritifaa za aina zote mbili. Imepita, na stringi imechapwa kama alivyoiandika.