Mafuta ya nazi ya kujipikia yanachacha

Swali: Haya mafuta ya nywele niliyojipikia kwa kufuata video moja, mbona yanachacha ndani ya wiki? Nazi 6, tui likachemshwa, yakachujwa.

— Maji yamebaki humo. Chukua nazi kavu, si koroma. Ikune, kamua kwa maji vuguvugu, lilaze tui usiku kucha. Asubuhi engua zito la juu tu. Pika moto mdogo huku ukikoroga. Povu likikatika na mashapo yakiwa kahawia, epua. Yakiwa meusi, mafuta yatanuka moshi.

— Chupa nayo ianikwe ikauke. Wala usingoje yagande: huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na joto letu la Mombasa walijua.

— Ahsanta. Chicha, yale makapi ya nazi, je?

— Wape kuku.