Programu ya mizani: tuendelee kuikompaili kwa Windows 7 au basi?

Fundi Makoroboi
Wakuu, habari za jioni. Ile programu yetu ya mizani na risiti tuliyowafungia wafanyabiashara wa dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, bado tunaikompaili (kugeuza kodi iwe programu inayowaka) kwa Windows 7, na upande wa seva kwa CentOS 7, ile Linux ya seva. Vijana wanaoandika kodi wanataka tuachane na vyote viwili. Windows 7 ilikatiwa huduma 14 Januari 2020, CentOS 7 ikafuata 30 Juni 2024. Mimi wateja ninao huko huko kwenye Windows 7. Tuendelee au basi? Nawasilisha.

Kijana wa Nyegezi
Basi. Kila toleo napoteza siku mbili nagombana na gcc 4.8, kompaila ya CentOS 7, ambayo haiijui kabisa C++17, toleo la 2017 la lugha ya C++. Node 18, ya kuendesha JavaScript, ukiiwasha pale inakwambia GLIBC_2.28 haipo, kwa sababu CentOS 7 imebaki na 2.17 ya hiyo maktaba ya msingi ya Linux. Lugha nazo: Go waliitupa Windows 7 kuanzia 1.21, Python kuanzia 3.8. Wenye timu kubwa wameshindwa, sisi watu wanne tutaweza? Hizo mashine za wauza dagaa zikapumzike.

Binti Igoma
Mashine za wauza dagaa ndiyo lugha gani? Mama yangu yuko Mwaloni tangu sijazaliwa, ada yangu ya chuo imetoka kwenye yale magunia. Toa hoja yako, lakini wauza dagaa waheshimu.

Mzee wa Bwiru
Mdogo wangu wa Nyegezi, Python 3.8 bado inakubali Windows 7. Iliyokataa ni 3.9.

Kijana wa Nyegezi
Shikamoo mzee, hapo nimeteleza. Dada, nimesema mashine, sijasema watu.

Binti Igoma
Umesema mashine za nani?

Mkazi wa Pasiansi
Tuwe wakweli lakini. Mtu anayeanika dagaa mchangani hadi leo, hiyo kompyuta mpya atainunua lini? Hata chanja, ile meza ya wavu ya kuanikia, hajanunua.

Binti Igoma
Wewe chanja unajua bei yake? Mbao, wavu, mtu wa kulinda usiku. Na mvua ikinyesha wa chanja na wa mchangani wote wanalia. Mama anaanika kwenye chanja, kwa taarifa yako, na Windows 7 yake bado inafanya kazi.

Mchuuzi wa Ukerewe
Naunga mkono. Wa chanja hawana mchanga, Wakongo wanawalipia vizuri zaidi. Ila giza likiingia, zile siku zisizo na mbalamwezi, mzigo unakuja mwingi hadi chanja hazitoshi, unafanyaje? Unamwaga chini.

Fundi Makoroboi
Wakuu, mada ni kompaila.

Mkazi wa Pasiansi
Nimeuliza tu jamani, mbona povu?

Mama Buzuruga
Mimi nina duka la kompyuta, naongea ninachokiona. Mizani nyingi pale zinatoa waya wa pini tisa. Kompyuta ya zamani ina tundu lake nyuma, unachomeka, kilo zinasoma. Laptop mpya tundu hilo haina. Unampa adapta ya USB ya bei rahisi, leo inasoma, kesho inagoma, mteja amesimama na gunia begani. Halafu mnamwambia ahamie Windows 10, nayo imekatiwa 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, ile chipu ya usalama, mashine yake haina. Kwa hiyo mnachomwambia ni anunue kompyuta. Semeni hivyo.

Kijana wa Nyegezi
Mama, na usalama? Mei 2017 WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa, ilipiga dunia nzima, na waliopigwa wengi walikuwa Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Leo udhaifu mpya wa usalama ukipatikana kwenye Windows 7, viraka havitoki tena. Daftari la madeni ya mama wa watu likifungwa na wezi nitamjibu nini? Hili ndilo linaloninyima usingizi, C++17 naweza kuishi bila hiyo.

Binti Igoma
Sasa hapo umeongea. Ungeanzia hapo.

Mama Buzuruga
Za Mwaloni nyingi haziingii mtandaoni, wanabeba flashi.

Kijana wa Nyegezi
WannaCry ilihitaji mashine moja tu kwenye mtandao wa ndani. Na flashi nazo zinabeba virusi vyao.

Mzee wa Bwiru
Tutenganishe. Seva ni ya kwetu, hakuna mama anayeigusa, hiyo iondoeni kwenye CentOS 7 mwezi huu. Ya mizani iandikwe kwa C ya kawaida. Curl, programu ya kuvuta na kutuma data mtandaoni, hadi leo wanaiandika kwa C89, C ya mwaka 1989, ndiyo maana inakubali karibu kila mahali. Kinachotuua ni vile vifurushi vya kodi za watu wengine tunavyovivuta bila kuangalia. Februari 2021 kifurushi cha cryptography cha Python kilianza kudai Rust, lugha nyingine, ili kijengeke, watu wakaamka asubuhi hakuna kinachojengeka. Tena, nani kati yenu ana Windows 7 ya kujaribia? Kukompaili bila kujaribu ni kubahatisha.

*(kimya cha siku mbili)*

Fundi Makoroboi
Ninayo moja dukani, ina tundu la pini tisa.

Kijana wa Nyegezi
Basi sehemu ya mizani naikompaili, ila wewe ndiye utakayeijaribu kabla haijatoka. Nisiulizwe peke yangu.

Binti Igoma
Msibadilishe kitu wiki ya giza. Wiki hiyo mama hasimami hata kunywa chai. Subirini mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala.

Mchuuzi wa Ukerewe
Kwani ndoo moja ya dagaa sasa hivi Mwaloni inakwendaje?